Reli ya Kilo Tano na Nusu

Mama Tumwimbile alinipa ufunguo na masharti matatu:
usipigilie msumari ukutani,
usitwange humu juu,
usiweke kitu kizito, sakafu hii ya mbao
imechoka kuliko mimi.
Vyumba viwili, Mwanjelwa,
juu ya duka la mbolea.

Kichwa cha treni nilikitoa kwenye robota la mitumba,
kirefu kama kidole cha shahada, rangi imechubuka,
mota nzima. Muuzaji alidhani ni kiberiti cha gesi.
Elfu tatu. Nililipa bila kuomba apunguze
nisije nikamzindua.

Basi nikajenga kwa vitu visivyo na uzito.
Fremu ya mianzi iliyopasuliwa, ikafungwa kwa kamba za viatu.
Juu yake lile povu jeupe gumu linalokuja na friji;
niliomba kwa Sanga, wao hulichoma.
Ukilikata kwa kisu hulia kama paka,
na chembe zake nimezikuta hadi kwenye ugali.
Loleza niliufinyanga kwa magazeti na uji wa ngano.
Siku tisa haujakauka. Ni Juni,
Mbeya hata soksi hazikauki.
Udongo ni majani ya chai ya Rungwe, yaliyokwisha kunywewa,
nikayaanika dirishani.
Misonobari ni nywele za brashi ya viatu.
Handaki la kwanza ni boksi la dawa ya meno
na bado linanukia mnanaa.

Kila Jumamosi niliishusha kwa Mwaipasi wa viazi,
akaitundika kwenye mzani wake.
“Tano na nusu. Unauza?”
“Siuzi.”
“Inaliwa?”

Mchana husimama nyuma ya kabati kama mkeka.
Usiku hulala kitandani, mimi nakaa kwenye ndoo.
Makambako iko kwenye mto, Mbalizi miguuni,
na kona ya Chimala ilinitesa:
kichwa kilianguka mara kumi na moja.
Nikainua upande mmoja kwa kipande cha vocha.
Kikapita.

Mataruma ni njiti za kiberiti,
elfu moja mia mbili na kumi.
Nilizihesabu kwa sababu baba angezihesabu.

Baba alikuwa gengi la Mpanga.
Reli moja, alisema, watu kumi na wawili,
na anayekosea hatua anakula mguu wa mwenzake.
Bega lake la kulia lilikuwa na bonde.
Tulipokuwa wadogo tuliweka karanga humo,
tukamwambia atembee zisimwagike.
Alitembea. Mpaka mlangoni na kurudi.
Tulimzika Tukuyu, mvua ikinyesha,
na waliobeba jeneza wakasema, mzee mwepesi huyu.
Sikuwajibu.

Usiku mmoja umeme ulikatika mtaa mzima.
Nikaunga betri ya redio, nikaweka tochi mdomoni.
Kutoka Iyunga honi ikalia, ile ya kweli,
imechelewa siku mbili.
Yangu ilikuwa imeshafika.
Niliizima, sijui kwa nini,
nikangoja ile nyingine ipite.

Septemba kodi ilipanda.
Kitanda kilishushwa na vijana wanne, kabati likang'oa kitasa,
Lugano wa jirani akabeba sufuria kichwani.
Mimi nilishuka ngazi na Loleza chini ya kwapa,
Chimala, Makambako, handaki, misonobari yote,
mkono mmoja, mwingine umeshika birika.
Dereva wa bajaji akauliza ni keki ya nani.

Mama Tumwimbile alibaki juu na tochi,
akapiga magoti, akatafuta nyufa,
akabonyeza kila ubao kwa kidole gumba.
Kisha akaniita dirishani, amekasirika kidogo:
“Wewe! Mbona umeniachia chai sakafuni?”